Maswali ya wasomaji: Tumbo linalosumbua na orodha ya vyakula vilivyokatazwa

Barua nne za toleo hili zinahusu jambo moja: watu wanaoacha chakula baada ya chakula wakitafuta nafuu ya tumbo. Nimeanza na ile inayohitaji jibu refu zaidi, kwa sababu aliyeiandika amefanya kwa uaminifu yote aliyoambiwa, na aliyoambiwa yalikuwa nusu ya habari.

Swali la kwanza

*Mama mshauri, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kadutu, nina miaka 36 na watoto wanne. Kwa miaka mitatu tumbo langu limekuwa likijaa hewa kila jioni hadi nalegeza kitenge kiunoni, linanikata, na nikishatoka chooni maumivu yanapungua. Kuna juma ninaharisha, na kuna juma sipati choo. Nimetibiwa amiba mara saba. Miezi mitano iliyopita binamu yangu anayeishi Ubelgiji alinitumia kwa simu orodha ya vyakula nisivyopaswa kula: maharage, kitunguu, mkate, maziwa, embe na vingine vingi. Nimeifuata, na tumbo limetulia sana. Lakini nimepungua kilo sita, ninakula wali na samaki wadogo wa sambaza kila siku, ninapika sufuria mbili wakati makala ya kupikia ni ghali, na mama mkwe wangu anaona nadharau chakula chake. Je, ndivyo nitakavyoishi sasa?*

Hapana, Mama mwalimu, hukupaswa kuishi hivyo hata kwa hiyo miezi mitano. Orodha uliyotumiwa ni ya kweli na ina msingi wa kitabibu, ila ni hatua ya kwanza tu kati ya hatua tatu, na hatua hiyo ya kwanza hudumu kati ya majuma mawili na sita. Walioiunda, katika Chuo Kikuu cha Monash kilichoko Melbourne, Australia, ambako Peter Gibson na Sue Shepherd walitoa wazo lake kwa maandishi mwaka 2005, hawakuikusudia iwe chakula cha maisha. Waliikusudia iwe kipimo: unaondoa kwa muda aina fulani za sukari, unaangalia kama tumbo linatulia, kisha unazirudisha moja baada ya nyingine ili ujue ni ipi hasa inayokusumbua. Binamu yako alikutumia ukurasa wa kuondoa bila ukurasa wa kurudisha, nami naona kosa hilo mara nyingi kwa watu wanaopokea orodha hizi kwenye simu.

Sukari zinazozungumziwa si ile tunayotia kwenye chai. Ni sukari na wanga mfupi ambao utumbo mwembamba haumalizi kuunyonya, na wataalamu huuita kwa herufi FODMAP, zinazokusanya majina ya Kiingereza ya makundi yake. Kwa lugha ya jikoni, makundi hayo ni fruktani za kitunguu, kitunguu saumu na ngano. Galaktani za maharage, mbaazi na soya. Laktosi ya maziwa. Fruktosi inapozidi, kama katika asali na embe. Na poliyoli, kama zile za uyoga na viazi vitamu. Zinapopita bila kunyonywa, baadhi yake huvuta maji ndani ya utumbo, na zikifika kwenye utumbo mpana bakteria huzichachua na kutoa gesi. Hayo hutokea kwa kila mtu anayekula maharage. Tofauti ni kwamba kwa mwenye ugonjwa unaoandikwa kwenye vikaratasi vya hospitali zetu kwa Kifaransa *côlon irritable*, mishipa ya fahamu ya utumbo ina wepesi uliopita kiasi, hivyo gesi ambayo jirani yako haihisi kabisa, wewe inakukata kama kisu. Maumivu yako ni ya kweli, hata kama vipimo vyote vimerudi vikiwa safi.

Kabla ya kurudi kwenye chakula, naomba tuzungumze juu ya zile dawa za amiba. Hapa Bukavu mtu akishika tumbo mbele ya farmasi, hupewa metronidazoli kabla hajamaliza kueleza. Amiba ipo kwetu na inaweza kuua, hilo silipunguzi. Lakini kuna amiba mbili zinazofanana kabisa chini ya darubini: *Entamoeba histolytica*, inayoleta ugonjwa, na *Entamoeba dispar*, ambayo hukaa tumboni bila kumdhuru mtu. Fundi wa maabara anayetumia darubini pekee kwa kawaida hawezi kuzitenganisha, isipokuwa aone amiba iliyomeza chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "amiba" haithibitishi kwamba amiba ndiyo inayokuumiza, na matibabu saba ndani ya miaka mitatu, bila nafuu ya kudumu, yalipaswa kumfanya mtu aulize swali jingine. Kuna na jambo la pili: maambukizi ya kweli ya tumbo, yakishatibiwa na kuisha, yanaweza kumwachia mtu utumbo wenye usumbufu wa muda mrefu. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya 10. Mtu wa namna hiyo hahitaji dawa ya nane, na kila dozi ya ziada huvuruga bakteria wema anaowahitaji.

Maelezo yako yanaelekea kwenye ule ugonjwa wa *côlon irritable*. Kipimo wanachokifuata madaktari tangu mwaka 2016 husema hivi: maumivu ya tumbo walau siku moja kwa juma katika miezi mitatu ya mwisho, yaliyoanza miezi sita iliyopita au zaidi, na yanayohusiana na kwenda choo, au na mabadiliko ya idadi ya safari za choo, au na mabadiliko ya sura ya choo, mawili kati ya hayo matatu yanatosha. Hata hivyo mimi ni mshauri wa lishe, si daktari wako, na zile kilo sita sitaki zipite hivihivi. Inawezekana zimetokana na wali na sambaza za miezi mitano. Mweleze daktari tarehe uliyoanza kujinyima na uzito uliokuwa nao siku hiyo, apime damu, aamue yeye.

Sasa turudi jikoni. Umekwisha kuona kwamba kuondoa kunakusaidia, na hiyo ni habari njema, kwani si kila mtu hupata nafuu. Anayemaliza majuma sita bila mabadiliko yoyote aiache lishe hii na kula kama zamani. Kwako hatua ya pili ianze juma hili. Chagua kundi moja tu. Mimi ningeanza na maharage, kwa kuwa kwetu ndiyo nyama ya wengi na ndiyo yanayokupungukia zaidi. Siku ya kwanza kula vijiko vikubwa vitatu vya maharage yaliyoiva, siku ya pili nusu kikombe, siku ya tatu kikombe kizima, huku vyakula vingine vyote vikibaki kama vilivyo. Andika kila jioni katika daftari ulichokula, kiasi chake na jinsi tumbo lilivyokuwa. Ukiumia siku ya pili, simama hapo. Umejua kwamba vijiko vitatu unavimudu na nusu kikombe hukimudu, na hilo ni jibu kamili. Pumzika siku tatu, au mpaka tumbo litulie, kisha jaribu kundi linalofuata: mkate peke yake, kitunguu peke yake, maziwa, asali, viazi vitamu. Mkate na kitunguu vyote vina fruktani, lakini vijaribu mbali mbali, maana wengi humudu kimoja na kushindwa kingine. Kazi yote huchukua majuma sita hadi manane.

Kuna mambo mawili ya upishi ambayo yangekuepusha na sufuria ya pili. La kwanza ni la maharage yenyewe: galaktani zake huyeyuka ndani ya maji. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa maji mapya, na mwaga pia maji ya mchemko wa kwanza. Sehemu ya sukari hizo itakwenda na maji uliyoyamwaga, na maharage yaliyolowekwa huiva upesi, kwa hiyo utaokoa na makala.

La pili ni la kitunguu, na hili nimelifanya mwenyewe mara nyingi. Fruktani huyeyuka katika maji lakini haziyeyuki katika mafuta. Weka mafuta kwenye sufuria yakiwa peke yake, bila nyanya na bila tone la maji, tia kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa, viwili au vitatu tu, na punje za kitunguu saumu zikiwa nzima. Acha viive polepole hadi kingo zake zigeuke rangi ya kahawia na harufu ijae nyumba, kisha viopoe vyote kwa kijiko, usibakize kipande. Hapo ndipo utie nyanya, sambaza au mboga. Ladha imebaki, kilichokuwa kikikuumiza kimetoka. Mafuta hayo yatumie siku ileile, usiyahifadhi, kwa sababu mafuta yaliyokaa na kitunguu saumu bila baridi yanaweza kuzaa sumu. Na ile puaro tunayopenda kuitia kwenye sombe, tumia majani yake ya kijani. Sehemu nyeupe ya chini ndiyo yenye fruktani nyingi.

Kwa njia hiyo chungu kinaweza kuwa kimoja kwa nyumba nzima. Ugali wa mahindi, wali, viazi mbatata, ndizi ya kupika, uji wa mtama, mayai, nyama, samaki wa ziwa, karoti, karanga mkono mmoja, nanasi la Ijwi, papai na chungwa vyote vinaruhusiwa hata katika hatua ya kwanza, kwa hiyo hata wakati ule hukuhitaji kula wali na sambaza pekee. Ugali wa muhogo nao unaweza kula kwa kiasi cha wastani, kwani sehemu yake kubwa ni wanga wa kawaida. Jihadhari na uji wa masoso, kwa kuwa ndani yake mna unga wa soya, na pia vile vikube vya mchuzi, ambavyo mara nyingi vina unga wa kitunguu. Mama mkwe wako mkaribishe jikoni siku ya kupika hivyo. Mwambie ukweli kwamba uko kwenye majaribio yenye mwisho, mwombe akusaidie kuopoa kitunguu, na siku ya vijiko vitatu vya maharage uvile mbele yake, kwenye maharage aliyoyapika yeye.

Sababu ya kukuharakisha si kilo tu. Sukari hizi tunazoziondoa ndizo chakula cha bakteria wema wa utumbo mpana, hasa wale waitwao bifidobakteria, na tafiti zimeonyesha kwamba hupungua mtu anapozikwepa. Kadiri unavyokaa bila kurudisha, ndivyo unavyouacha utumbo wako bila walinzi wake, na ndivyo hofu ya chakula inavyozidi kujenga nyumba moyoni. Nimekutana na akina mama walioogopa hata nyanya, ambayo haikuwahi kuwaumiza.

Swali la pili

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ninapanga chumba huko Ibanda. Nikila mikate au chapati tumbo linavimba. Rafiki ameniambia ni gluteni, na katika duka moja nimeona unga usio na gluteni, lakini bei yake ni chakula changu cha juma zima. Je, niununue?*

Usiununue, mdogo wangu. Ngano ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: gluteni, ambayo ni protini, na fruktani, ambazo ni zile sukari nilizomweleza Mama mwalimu. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha jaribio walilofanya na watu 59 waliojiona wanasumbuliwa na gluteni. Waliwapa vipande vya nafaka vinavyofanana, kwa awamu za siku saba: vingine vyenye gluteni, vingine vyenye fruktani, vingine visivyo na kimoja wapo, bila mlaji kujua anakula kipi. Vilivyowaumiza zaidi vilikuwa vya fruktani. Mtu wa namna hiyo hana haja ya unga wa gharama. Anaweza kupunguza mkate hadi kipande kimoja au viwili, na asubuhi nyingine akala viazi au uji wa mahindi.

Hata hivyo upo ugonjwa wa kweli wa gluteni, uitwao siliaki, ambapo kinga ya mwili huharibu utumbo mwembamba. Huo hutafutwa kwa kipimo cha damu, na kipimo hicho kinategemea mtu awe bado anakula ngano; ukiacha mkate miezi kadhaa kabla ya kupimwa, majibu yanaweza kuonekana safi wakati ugonjwa upo. Ikiwa una upungufu wa damu, unakonda, au kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, endelea kula mkate mpaka umwone daktari.

Na kabla hujaondoa chakula chochote, nieleze siku yako. Najua maisha ya vyumba vya kupanga: chai tupu asubuhi, kutwa bila kitu, kisha saa mbili usiku chapati nne za mafuta kwa pupa. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden waliwagawa wagonjwa 75 makundi mawili. Kundi moja lilifuata lishe ya kuondoa sukari zile, jingine lilipewa mashauri ya kawaida: kula kwa saa zinazojulikana, kidogo kidogo, kutafuna polepole, kupunguza mafuta, kahawa na vinywaji vya gesi. Takriban nusu ya kila kundi walipata nafuu, na hakuna kundi lililolishinda jingine. Anza na mashauri hayo kwa mwezi mmoja. Hayana bei.

Swali la tatu

*Mimi ni baba wa familia, naishi karibu na Essence. Maziwa mabichi yakishachemshwa, nikinywa bilauri moja naharisha, lakini mashanza na jibini ya Masisi havinidhuru. Je, nina huo ugonjwa wa tumbo?*

Baba, kwa maelezo hayo pekee sidhani. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktasi kinachovunja laktosi ya maziwa, na kwa watu wazima wengi duniani hupungua baada ya kuacha kunyonya. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji na kuchachuka, ndiyo kuhara kwako. Katika mashanza, bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi kabla yako. Katika jibini ngumu kama ya Masisi, nyingi hutoka na maji ya maziwa wakati wa kuitengeneza, na inayobaki hupotea jibini inapokomaa. Wengi wenye hali yako humudu maziwa kidogo pamoja na chakula. Jaribu robo bilauri pamoja na ugali, si tumbo tupu. Likikataa, kaa na mashanza yako kwa amani, na watoto usiwanyime maziwa kwa sababu ya tumbo lako.

Swali la nne

*Mama yangu ana miaka 63, tunaishi naye Bagira. Kwa miezi minne tumbo linamuuma na choo kimebadilika, anaamka usiku kwenda chooni, na amedhoofika. Nimesikia juu ya lishe ya kuacha kitunguu na maharage. Naomba unipe orodha nimwanzishie.*

Orodha sikupi, dada yangu, na nakuomba usiitafute kwa mtu mwingine. Ugonjwa wa *côlon irritable* tuliouzungumzia juu mara chache huanza katika umri huo, na kwa kawaida haumwamshi mtu usingizini wala haumkondeshi. Maumivu mapya ya tumbo baada ya miaka 50, kupungua uzito bila sababu, kuamshwa usiku na choo, damu chooni, homa, upungufu wa damu, au kuwa na ndugu aliyeugua saratani ya utumbo: hata moja tu kati ya hayo humtoa mtu kwenye ukurasa huu na kumpeleka hospitalini. Kwa mwanamke wa umri wake, tumbo linalovimba linaweza pia kutoka kwenye ovari, na daktari asiyeambiwa hatalitafuta.

Mpeleke juma hili, kwenye hospitali yenye daktari na maabara, si farmasi. Mwombe daktari amshike tumbo, ampime damu, na achunguze choo kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Yeye ndiye atakayeamua kama kunahitajika picha ya tumbo au kamera ya utumbo. Andika kwenye karatasi tarehe ya kuanza, mara ngapi anaamka, dawa zote alizokwisha kunywa pamoja na za kienyeji, na uzito wake wa zamani kama kuna kadi yoyote inayouonyesha. Wakati mnangoja, mpikie anachokipenda, maharage yakiwemo, kwa sababu mwili unaodhoofika hauna cha kupunguza. Kisha niandikie majibu yalivyokuwa.